Chongqing: mji wenye ghorofa za chini nyingi

Jengo la Hongyadong, mjini Chongqing, kusini-magharibi mwa China, lina ghorofa 11. Ukilifikia kwa barabara inayopita kando ya mto Jialing, unaingia ghorofa ya kwanza na mengine yote yako juu ya kichwa chako. Ukilifikia kwa barabara ya Cangbai, upande wa mjini, unaingia ghorofa ya 11: mlangoni kuna magari, miti na watu wa kawaida wanaopita, na ghorofa kumi ziko chini ya miguu yako. Barabara zote mbili ni za kweli, zote ziko juu ya ardhi, na hakuna aliyekosea kuhesabu.

Picha za Chongqing zimesambaa sana mtandaoni miaka hii. Kuna treni inayoingia tumboni mwa jengo la makazi, kuna uwanja wa wazi ambao ukichungulia ukingoni unakuta uko juu ya paa, kuna barabara zilizopandana tabaka tano. Wengi huzitazama kama mazingaombwe, na naona mji unapunjwa ukitazamwa hivyo. Kila kimoja cha vioja hivi kina sababu inayoelezeka, iwe ni mwamba, maji, vita au uhaba wa fedha. Mgeni akizijua sababu hizo, hata ngazi chafu ya nyuma ya soko inageuka kuwa kitu cha kutazama.

Tuanze na mwamba. Mashariki ya bonde la Sichuan, matabaka ya mawe ya mchanga na mawe ya tope yalikunjwa na nguvu za ardhi yakawa matuta marefu yanayokwenda sambamba, kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi. Mito ikayakata. Yangtze, ambao Wachina huuita Chang Jiang, unapita upande wa kusini wa mji. Jialing unateremka kutoka kaskazini. Kabla ya kukutana, mito hiyo miwili inakaribiana na kubana kipande chembamba cha ardhi kiitwacho Yuzhong, rasi ya mawe yenye maji pande tatu. Ncha yake ni Chaotianmen, palipo na gati la kale. Uti wa mgongo wake unapanda hadi Eling, karibu mita 200 juu ya maji. Mji mzima wa zamani ulijengwa juu ya kipande hicho, na hapakuwa na pa kupanukia ila juu na chini.

Ndiyo maana kwa karne nyingi wenyeji waliugawa mji wao kwa kimo: mji wa juu na mji wa chini. Watu hudhani wakubwa walikaa juu na wanyonge chini. Zama za Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China, mambo yalikuwa kinyume. Ofisi za serikali, maduka ya jumla na nyumba za vyama vya wafanyabiashara zilikuwa mji wa chini, karibu na malango ya mto, kwa sababu kila chenye thamani kilifika kwa mashua. Ukitaka ushahidi, nenda Huguang Huiguan, majumba ya kifahari yaliyojengwa kuanzia mwaka 1759 na wahamiaji kutoka Hubei, Hunan na Guangdong. Yako chini, kwenye mteremko unaotazama Yangtze, yana kuta za manjano na majukwaa ya michezo ya kuigiza. Lilipokuja gari la petroli, na baadaye vita, kitovu kilipanda. Leo kiko Jiefangbei, penye mnara wa saa wenye urefu wa mita 27.5. Ulisimamishwa kuadhimisha ushindi dhidi ya Japani, ukabadilishwa jina baada ya Chama cha Kikomunisti kushika nchi mwaka 1949. Siku zake ulikuwa mrefu kupita vyote vilivyouzunguka. Sasa umezamishwa na majengo ya vioo, na ni lazima usimame karibu kabisa ndipo uupe heshima yake.

Sasa tuje kwenye hesabu ya ghorofa, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hupotea. Jambo la kwanza ni dogo: China ghorofa ya chini ndiyo ya kwanza. Aliyezoea lifti zetu zinazoanzia sifuri au herufi G ataikosa ghorofa anayoitafuta kabla hata ya vilima kumchanganya. Jambo la pili ndilo zito. Katika mji wa tambarare, namba ya ghorofa inakuambia umbali wako na ardhi. Chongqing inakuambia umbali wako na upande wa jengo ulio chini kuliko pande zote. Ardhi yenyewe inaweza kuligusa jengo lile lile mara tatu.

Mfano mzuri kuliko wote, kwangu mimi, ni Baixiangju, majengo ya makazi yaliyo karibu na Huguang Huiguan. Yalijengwa kuanzia miaka ya 1980. Yana ghorofa 24 na hayana lifti hata moja. Mtu akisikia hivyo huhurumia wazee wa humo, lakini tazama wasanifu walivyofikiri. Fedha zilikuwa chache, lifti zilikuwa ghali, na kiwanja kilikuwa mteremko mkali. Wakalilaza jengo kwenye mteremko na kulifungulia njia za kutokea ghorofa ya 1, ya 10 na ya 15, kila moja ikifika kwenye barabara yake. Mkazi wa ghorofa ya 13 anaingia kwa ghorofa ya 10 na kupanda tatu tu. Kilima ndicho lifti yao. Siku hizi watalii wanaipiga picha kwa ajili ya korido zake zinazoning'inia na nyaya za nguo, na ni sawa. Lakini kumbuka ni nyumba za watu: sauti iwe chini, na milango ya wenyewe isipigwe picha.

Jengo la Kuixinglou ni somo hilo hilo kwa wenye haraka. Unatembea uwanjani palipo tambarare, unafika ukingoni, unatazama chini na kukuta uko kimo cha ghorofa ya 22. Watoto wanacheza, wazee wanapunga upepo, hakuna anayeshangaa isipokuwa mgeni.

Hapa ramani ya kawaida ya simu inakuangusha. Nukta ya buluu inaonyesha umefika, na kweli umefika, ila mgahawa unaoutafuta uko mita 40 chini yako. Wenyeji wenyewe hawakuelekezi kwa kaskazini na kusini. Watakuambia panda, teremka, kata kushoto. Gaode, programu ya ramani ya Kichina, inaeleweka zaidi kuliko ramani za Google, ambazo China hazifanyi kazi ipasavyo, lakini hata yenyewe inahitaji umuulize mtu: mlango huo unaingiliwa barabara ipi?

Mji wa namna hii ulipaswa kubuni njia za kumpandisha mtu, na njia hizo ni utalii mzuri kuliko maduka yake yote. Kwanza zilikuwepo ngazi za mawe tu, na juu ya ngazi hizo walikuwepo mahamali waitwao bangbang, wanaume waliobeba mzigo kwa mti wa mwanzi begani na kamba mbili. Wengi walitoka mashamba ya jirani. Miaka ya 1980 na 1990, biashara ilipofunguliwa, mabegani mwao ndimo mji ulimopita: majokofu, magunia ya pilipili, mizigo ya abiria wa meli. Bado utawaona wachache Chaotianmen na kwenye masoko ya jumla, wengi wao wakiwa wazee. Ukikutana na mmoja, mpishe. Ngazi ile ni mahali pake pa kazi.

Kisha zikaja mashine. Mwaka 1982 gari la waya lilivushwa juu ya Jialing, na mwaka 1987 jingine likavuka Yangtze kwa mita 1,166. Hayakuwekwa kwa ajili ya watalii. Watu walikwenda nayo kazini. La Jialing lilisimamishwa mwaka 2011, madaraja yalipolimaliza. La Yangtze limebaki, na sasa foleni yake jioni inaweza kukuchosha kabla hujapanda, kwa hiyo nenda asubuhi mapema. Mwaka 1986 lifti ya umma ya barabara ya Kaixuan iliunganisha mji wa chini na wa juu kwa nauli ndogo, kama basi linalosafiri wima. Mwaka 1996 zikafunguliwa ngazi za umeme za Huangguan, kutoka kituo cha zamani cha reli cha Caiyuanba hadi Lianglukou: urefu wa mita 112, kimo cha zaidi ya mita 50. Shika kamba ya pembeni, simama, tazama sura za watu wanaoshuka upande wa pili. Ni dakika chache tu, na nauli yake haifiki bei ya chupa ya soda.

Treni ya kituo cha Liziba, ile inayoingia tumboni mwa jengo la makazi, inahitaji maelezo marefu kidogo, kwani ndiyo inayosimuliwa vibaya zaidi. Hadithi iliyozoeleka ni kwamba jengo lilisimama njiani, wahandisi wakakataa kulibomoa, wakalitoboa. Sivyo. Njia namba 2 ilifunguliwa mwaka 2005, na ni treni ya reli moja: inakumbatia boriti ya zege na kutembea kwa magurudumu ya mpira. Teknolojia ilitoka Japani. Ilichaguliwa kwa sababu mpira unashika mlima na kukata kona kali pale ambapo magurudumu ya chuma yangeteleza. Njia ililazimika kupita kwenye ukanda mwembamba kati ya genge na mto Jialing, na ukanda huo ulikuwa umekwisha kupangiwa jengo. Nafasi ya vyote viwili, kimoja kando ya kingine, haikuwepo. Basi vilibuniwa pamoja na kujengwa pamoja. Jengo lina ghorofa 19. Kituo kinashika ya 6 hadi ya 8, na makazi yanaanzia ya 9. Siri kubwa imo kwenye nguzo: kituo kina nguzo zake na jengo lina zake, na hazigusani. Mtetemo wa treni unateremka ardhini bila kupitia chumba cha mtu. Wasafiri husongamana kwenye jukwaa la kutazamia lililo chini barabarani, wakifungua vinywa ili picha ionekane kana kwamba wanaimeza treni. Furahini. Kisha pandeni treni yenyewe, mkae upande wa mto, mwendelee vituo kadhaa.

Kinyume cha Liziba ni Hongyancun, kituo cha chini ya ardhi chenye kina cha mita 116, kirefu kuliko vingine vyote China kilipofunguliwa mwaka 2022. Kwa nini wachimbe hivyo? Kwa kweli hawakuchimba kwenda chini. Kilima ndicho kilichopanda juu yao. Treni haipendi kupanda na kushuka. Inatafuta kimo kimoja na kukishika. Inapopita chini ya tuta inakuwa kuzimu, na dakika chache baadaye, kwa kimo kile kile, inatokeza kwenye daraja juu sana ya Jialing. Abiria aliye ndani hahisi mwinamo wowote. Ukilielewa hilo, umeuelewa usafiri wote wa Chongqing, pamoja na madaraja pacha ya Dongshuimen na Qiansimen, yaliyofunguliwa mwaka 2014 na 2015. Magari yanapita tabaka la juu, njia namba 6 inapita tabaka la chini, na kati ya daraja moja na jingine treni inazama ndani ya mwamba wa Yuzhong. Makutano ya barabara ya Huangjuewan, yenye tabaka tano na njia za kupandia na kushukia 20, yanafuata mantiki hiyo. Dereva anayekosea njia hapo ana kazi, lakini hayakujengwa kwa ajili ya maringo. Yanaunganisha daraja, handaki na barabara za vimo tofauti mahali pamoja.

Mahandaki yana historia nyingine, na hapa naomba msafiri apunguze mwendo. Mwaka 1937 jeshi la Japani lilipokuwa likiuelekea Nanjing, serikali ya China chini ya Chiang Kai-shek iliuhamishia mji mkuu Chongqing, ukabaki huko hadi mwaka 1946. Ndege za Japani ziliushambulia mji kwa mabomu kuanzia 1938 hadi 1943. Wakazi walichimba mwamba ule laini wakajificha. Usiku wa tarehe 5 Juni 1941, katika handaki kubwa eneo la Jiaochangkou, umati uliojifungia kwa saa nyingi ulikosa hewa, na watu wengi mno wakafa. Mahali hapo pana ukuta wa kumbukumbu katikati ya maduka, hatua chache kutoka ngazi za Shibati zilizokarabatiwa kwa watalii. Kila tarehe 5 Juni ving'ora hulia mjini. Ukiwepo siku hiyo, simama kama wanavyosimama wenyeji.

Mahandaki mengi ya wakati ule hayakufukiwa. Mengine leo ni maghala, mengine vituo vya mafuta, mengine migahawa yenye ubaridi wa asili hata jua linapochoma nje. Na Chongqing jua huchoma kweli: wilaya ya Beibei ilifikia nyuzi 45 mwezi Agosti 2022.

Mwezi huo huo mto Yangtze ulikauka kiasi kwamba mawe ya chini na masanamu ya kale ya Kibudha yalionekana. Miaka miwili kabla yake, Agosti 2020, mafuriko yaliingia ghorofa za chini za Hongyadong na kufunika mitaa ya mji mkongwe wa Ciqikou. Msomaji atauliza: si kuna Bwawa la Magenge Matatu, lile bwawa kubwa la kuzuia mafuriko ya Yangtze? Lipo, lakini liko mbali kuelekea chini ya mto. Linachofanya Chongqing ni kurudisha maji nyuma. Bwawani maji hushushwa hadi mita 145 juu ya usawa wa bahari kabla ya masika ya kiangazi ili kuacha nafasi ya mafuriko, kisha hujazwa hadi mita 175 kwa majira ya baridi. Hivyo mto unaweza kujaa wakati wa baridi hali hakuna mvua, na ukingo mpana wa mawe ukawa wazi mwezi Mei. Mvua kubwa za juu huko Sichuan zikija, Chongqing inazipokea kwanza, bwawa baadaye. Ndiyo sababu barabara za kando ya mto na gati zote zimejengwa kwa kutegemea kwamba maji yatapanda. Ukikuta bustani ya ufukweni imefungwa, usibishane na mlinzi.

Chaotianmen kwenyewe, mito inapokutana, rangi mbili huonekana baadhi ya majira: Jialing wa kijani na Yangtze wa udongo, vikienda bega kwa bega kabla ya kuchanganyika. Juu yake sasa kumesimama Raffles City, minara minane iliyosanifiwa na Moshe Safdie na kufunguliwa mwaka 2019, ikiwa na umbo la matanga. Minara minne imeunganishwa na ukumbi mlalo wenye urefu wa mita 300, ulio mita 250 juu. Wenyeji wengi walilalamika kwamba umeziba ncha ya mji wao. Nawaelewa. Ukisimama chini yake, unakandamiza. Ukiutazama kutoka ukingo wa pili, upande wa Nan'an, usiku, una haki yake. Basi vuka mto.

Namba moja inahitaji kusahihishwa, kwani inarudiwa kila mahali: eti Chongqing ndio mji mkubwa kuliko yote duniani, watu milioni 32. Namba ni ya kweli, neno mji ndilo linalopotosha. Mwaka 1997 Chongqing ilitengwa na mkoa wa Sichuan na kuwekwa moja kwa moja chini ya serikali kuu, kama Beijing, Shanghai na Tianjin, sehemu kubwa ili kusimamia uhamishaji wa watu waliopisha bwawa. Eneo lililopewa ni kilomita za mraba 82,400, lenye milima, mashamba na miji mingine kamili ndani yake. Mji wenyewe, wilaya za katikati, ulikuwa na watu milioni 10 na kidogo katika sensa ya 2020. Ni mkubwa vya kutosha bila kuutia chumvi. Lakini jambo hili lina matokeo kwa msafiri: michongo ya mawe ya Dazu, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1999, iko "Chongqing" kwa karatasi, na ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi.

Chakula cha mji ni huoguo, sufuria la mchuzi mwekundu unaochemka katikati ya meza, kila mtu akichovya chake. Asili yake ni gatini. Mahamali na wapiga makasia walinunua utumbo na viungo vya ndani vya ng'ombe, vitu rahisi, wakavipika kwa pilipili kali na huajiao, punje inayotia ganzi mdomoni. Sufuria la jadi limegawanywa vyumba tisa. Watu wasiojuana waliweza kuchangia moto mmoja bila kuchanganya vitoweo, na moto wenyewe hauko sawa: chumba cha kati huchemka kwa nguvu na kufaa utumbo wa kuchovya sekunde chache, vya pembeni ni vya kuchemshia polepole. Ukiogopa ukali, omba sufuria la sehemu mbili, upande mmoja mchuzi mweupe. Kwa Waislamu: mchuzi mwekundu kwa kawaida ni wa mafuta ya ng'ombe, lakini hilo halimaanishi kwamba uchinjaji ni wa halali wala kwamba sufuria halina nguruwe. Tafuteni ubao, mara nyingi wa kijani, wenye maandishi ya qingzhen, yaani halali. Migahawa ya tambi za Lanzhou huwa nao karibu kila wilaya.

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Guangzhou kwa mitaa yake na hawajawahi kutoka nje yake. Chongqing inafikika kutoka huko kwa treni ya kasi ndani ya siku moja. Ukipata siku tatu, ya kwanza tembea Yuzhong kwa miguu kutoka juu kwenda chini, wala usianze chini: Eling, ngazi za Shibati, Huguang Huiguan, Baixiangju, hadi gatini. Magoti yatakushukuru na historia itajipanga yenyewe. Ya pili iwe ya treni, Liziba asubuhi, Ciqikou mchana, Hongyadong taa zinapowaka. Taa hizo huzimwa kabla ya usiku wa manane, na katika sikukuu za Mei Mosi na Oktoba Mosi umati huwa mkubwa hadi daraja la Qiansimen hufungiwa magari ili watu wapite kwa miguu. Ya tatu chagueni: Dazu, au vilima vya Nanshan ng'ambo ya mto, ambako mji wote unaonekana umepangwa ngazi kwa ngazi kutoka maji hadi mgongo wa mwamba. Na hotelini, kabla ya kutoka, mwulize mpokea wageni swali moja: mlango wa barabarani ni ghorofa ya ngapi, na upo mwingine?